Kibanio cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe ametoa tamko. Macho yamemwishia, haendeshi tena. Jumamosi apelekwe kilimani kwenye kaburi la mama mkwe, kwa gari lake la zamani, lile la kupanda milima. Baada ya hapo ataamua nani atalirithi: mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Wiki hii gari linalala kwangu. Sharti moja: boneti ifunguliwe kwa kuangalia maji na oili tu. Shemeji ameshalipaka nta mwili mzima. Mpambaji! Mimi nitamshinda kwa ndani.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua boneti. Kuangalia maji, kama nilivyoruhusiwa. Macho yakaangukia distribyuta, kile kidude kinachogawa cheche kwenye plagi. Kuukuu. Klipu moja ya kifuniko imekatika, badala yake kuna kibanio cha nywele. Kibanio cha nywele, kwenye gari la heshima! Nimenunua mpya, ya kielektroniki. Fundi wa gereji ya jirani kanionya: kabla ya kuchomoa ya zamani niweke alama pale inapoelekea rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, na kila waya niujue ni wa plagi ipi. Akajitolea kuifunga yeye. Nikamjibu mikono ninayo.

Jumatano, 5 Machi
Alama nimeweka, kwa chaki. Nadhifu kabisa. Nikachomoa distribyuta na nyaya zake. Kisha nikaona aibu: kitu kipya kikae kwenye injini yenye matope ya miaka? Nikaiosha kwa sabuni na maji mengi mpaka ikameta. Ndipo nikaitafuta ile alama yangu ya chaki. Mke wangu kauliza mbona nimekaa chini. Nikamwambia napumzika.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebadilisha nyaya kila namna. Kimya. Tena. Kimya. Mara kishindo, moshi, nyusi zangu zikaungua. Shemeji akawa anapita, eti kwa bahati, akauliza kama kuna vita. Nikasema injini inasafisha koo. Jioni ikawaka! Inakohoa kidogo, lakini nani hakohoi? Distribyuta ya zamani nimeificha chini ya kiti cha mbele cha abiria, maana ndani ya nyumba mke wangu hufagia kila uvungu. Kibanio nilitaka kukitupa. Uvivu ukanizuia.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu amelisikia gari. Kasema baba yake halijui kwa macho, analijua kwa masikio, nimwite fundi upesi. Mficha maradhi, kasema, kilio kitamuumbua. Nimemjibu hakuna mgonjwa hapa, ni mafua tu. Sijala vizuri.

Jumamosi, 8 Machi
Baba mkwe alikaa mbele nami, mke wangu na shemeji nyuma. Kwenye tambarare tulikwenda. Mzee ameinamisha sikio. Mlima ukaanza, bonde likawa kushoto. Kikohozi. Kishindo. Injini ikazimika. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, lakini bila injini hazikushika, gari likaendelea kurudi nyuma polepole. Niliamini nawaua wote ninaowapenda, pamoja na shemeji. Mke wangu akaruka nje, akasukuma jiwe chini ya tairi. Likasimama.

Hapo ile distribyuta ikabingirika kutoka mafichoni, ikamgonga shemeji kidole cha mguu. Akampa baba yake kwa furaha ambayo sitaisahau. Mzee akaipapasa. Vidole vikafika kwenye kibanio, vikatulia.

Akasema klipu ilikatikia barabara hii hii, wakati mama mkwe ana uchungu wa kumzaa mke wangu. Mama ndiye aliyechomoa kibanio kichwani mwake akamkabidhi mumewe. Wakawahi hospitali. Mzee hajakibadilisha tangu siku hiyo. Mke wangu alikuwa hajawahi kuisikia habari hii. Akalia. Nami nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Kisha mzee akaomba spana. Akamwambia bintiye azungushe injini kwa hendeli, kile chuma cha kuwashia kwa mkono, yeye kidole kwenye tundu la plagi, akingoja pumzi ya injini imsukume, ajue rota ielekee wapi. Akaifunga ya zamani kwa kupapasa. Gari likawaka bila kikohozi. Kaburini akampa mke wangu funguo. Kwangu akasema neno moja tu: hata maji, aangalie mkeo mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi
Nimetubu. Kweli kabisa. Mke wangu ametoka, funguo kaziacha mezani. Nimefungua boneti kwa heshima tu, nikitazame kibanio kile. Kimejaa kutu! Siku kikikatika, mzee wa watu atavunjika moyo. Mke wangu ana vipya pakiti nzima, na baba mkwe haoni. Basi nimekichomoa cha zamani taratibu. Kimekatika vipande viwili mkononi mwangu. Si nilisema?