Anayehama Foleni

Jumatatu, 3 Machi

"Mm." Ndicho nilichopewa. Miezi saba ya kazi, kurasa sitini na mbili za sura ya pili. Profesa, msimamizi wangu, akazifunga, akanitazama juu ya miwani, akatoa mguno mmoja kama mtu aliyeonja chai isiyo na sukari. Mguno huo umenifuata ngazini, chooni, hata sasa ninapoandika.

Tasnifu yangu ni juu ya foleni: benki, hospitali, ofisi za vitambulisho. Hoja ya sura ya pili inaonekana na yeyote mwenye macho: anayehama foleni hufika dirishani baada ya yule aliyetulia. Pembeni, kwa wino mwekundu: Ushahidi uko wapi?

Basi. Mwaka wa nne huu. Nahama! Kuna chuo bara lingine, kikinikubali naanzia mwaka wa pili. Mwisho wa maombi ni Ijumaa. Kimebaki kitu kimoja tu: barua ya msimamizi wa sasa. Hatajua ni ya nini. Mpango ninao.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwomba Profesa barua "ya matumizi ya jumla". Akasema sawa, andika mwenyewe, nitatia saini. Hakuuliza hata swali! Kaingia mtegoni kwa miguu yake.

Kutwa nzima nimejisifu. Mwerevu. Mvumilivu. Hulimaliza kila analolianza. Sikujua kama mimi ni mtu mzuri hivi. Aya ya tatu ilinitoa machozi.

Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Tanbihi kwa sababu hawezi kukuamkia bila kutaja chanzo, akanyoosha shingo. Akauliza naandika taazia ya nani. Nikafunika kompyuta. Huyu anaimezea mate meza yangu tangu mwaka juzi, maana ndiyo yenye soketi nzima.

Jumatano, 5 Machi

Barua imerudi. Utadhani kuku kachinjiwa juu yake. Kwenye "mwerevu": Kwa kipimo gani? Kwenye "mvumilivu": Mfano. Kwenye "hulimaliza kila analolianza": duara mbili, na Ushahidi uko wapi? Akasema hatii saini jambo lisilothibitishwa. Sura ya pili ikisimama, sentensi nayo itasimama.

Mama kapiga simu. Nikamdokeza kwamba nahama na nitaanzia mwaka wa pili. Kisha akauliza: "Yaani mwanangu, kurudia darasa mpaka upande ndege?" Akasema shangazi keshajishonea gauni la mahafali yangu, na mwili wa shangazi haungoji. Nikamwambia elimu haina pupa. Akasema hilo ameliona.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Asubuhi nilisimama benki saa tatu nzima na daftari, nikihesabu. Watu ishirini na sita walihama foleni. Ishirini na mmoja walichelewa kuliko waliobaki. Bwana mmoja alihama mara tatu, akafika dirishani likifungwa puani mwake. Nilicheka kimoyomoyo. Mtu na akili zake!

Jedwali, maelezo, rejea. Alasiri sura ya pili imesimama wima.

Ijumaa, 7 Machi

Profesa ameisoma yote nikiwa nimekaa mbele yake. Hakuguna. Akasema: Nzuri.

Nzuri! Miaka minne sijalisikia neno hilo mdomoni mwake. Akasema sasa niingie sura ya tatu. Kwa mwendo huu Desemba natetea tasnifu. Kisha akatia saini barua, akagonga muhuri, akaniuliza taratibu inakwenda bara gani. Nikamwuliza kajuaje. Akasema mwenye kuomba barua ya jumla hatokwi na jasho. Akaongeza kwamba nikifika huko nisisahau kujiingiza kwenye jedwali langu. Sikumwelewa. Wazee hawa na mafumbo yao.

Nimefikiria kubaki. Dakika tano hivi. Lakini barua nimeihangaikia wiki nzima, nikaitupe? Nimetuma.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekubaliwa! Nimesaini fomu ya kujitoa, nimerudisha ufunguo. Nilipogeuka kuchukua kikombe changu, Tanbihi alikuwa kashachomeka chaja yake, na kiti hakijapoa. Akanipa pole. Nikamwuliza pole ya nini. Akasema atanitumia rejea.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao cha kwanza na msimamizi mpya, kwa video. Mama mwenye sauti laini, rafu za vitabu nyuma yake. Nilikuwa nimemtumia sura ya pili, ile iliyosimama. Akaipitia juu hadi chini. Akaganda kama picha, nikadhani mtandao umekwama. Haukukwama.

"Mm."

Akasema kwao watu huchukua namba kwenye mashine, wakakaa. Hakuna foleni ya kuhama. Nitafute mada nyingine.

Sikulia. Mtu wa mipango halii. Kuna chuo bara la tatu. Waombaji ni wachache, naambiwa, mambo yanakwenda mbio. Wataniweka mwaka wa kwanza, lakini mwaka ni mwaka. Fomu nimeituma saa sita mchana. Barua nimemwomba Profesa wangu wa zamani. Amejibu kwa mstari mmoja: niandike mwenyewe. Rasimu nimeshampelekea. Safari hii "hulimaliza kila analolianza" nimeiweka aya ya kwanza.