Safari ya Kigwa Kabla Sijafa

Jumatatu, 3 Februari

Nimeamua kufa vizuri. Si leo. Daktari amesema moyo wangu umechoka, tarehe hakutaja. Lakini nina miaka themanini na miwili, ngazi tatu za baraza zinanitoa jasho, na dhambi ninayo. Dhambi moja kubwa. Ndogo ndogo nimeshazitubia kwa jumla.

Naiandika hapa ili nisije nikaibadilisha mdomoni.

Mwaka 1969 nilikuwa mwalimu kijana pale Kigwa. Jirani yangu alikuwa Ngollo, mrina asali. Alinifundisha kutundika mzinga. Nikatundika mmoja. Mavuno yetu aliyachuja yeye nyumbani kwake, akayatia katika madebe mawili madogo yaliyofanana, akaziba kwa nta, akabandika karatasi za majina yetu: Ngollo, Muhanna. Nikayapeleka mimi kwenye maonyesho ya Saba Saba hapa Tabora, kwa kuwa yeye alilala na malaria. Ndani ya treni nikafungua yote mawili, nikaonja. Debe la Ngollo! Utamu wa kukufanya ufumbe macho. Langu lilikuwa na moshi. Kabla hatujafika mjini karatasi zilikuwa zimehama. Nikapewa zawadi ya kwanza: baiskeli mpya nyeusi. Kwa baiskeli hiyo nilimposa marehemu Sheima, mama wa watoto wangu. Ngollo alinipongeza. Akanichinjia kuku!

Miaka hamsini na sita nimemla kuku yule.

Sheikh anasema haki ya mtu huombwa kwa mtu. Nikamuuliza kama simu inatosha. Akasema inatosha kwa asiyeweza kusafiri. Nikasema naweza, kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza. Basi nimekata tiketi ya treni ya Jumamosi. Nimempigia Ngollo kumwambia nina neno naye. Akauliza neno gani. Nikasema la ana kwa ana. Akasema hata yeye analo. Sijui la nini. Mbuzi, labda.

Saa mbili usiku redio imetangaza: kipindupindu Kigwa na vijiji jirani. Binti yangu Thuraya, nesi mstaafu, mkali kama sindano zake, amezima redio na kusema safari imekufa.

Hajui kwa nini naenda. Anadhani nataka asali.

Jumanne, 4 Februari

Nimeanza mapambano. Nimemwambia Thuraya kwamba babu wa babu yangu alitoka pwani hadi Tabora kwa miguu, miezi mitatu, ndui njiani, simba njiani, na hakughairi. Mimi nighairi Kigwa? Kituo ambacho treni inafika kabla hujamaliza kumenya mayai?

Thuraya akajibu kwamba babu huyo alizika nusu ya msafara wake. Akaniongezea uji.

Mbinu ya pili: kuonyesha nguvu. Nimezunguka nyumba mara mbili bila bakora. Mara ya pili nilikaa kidogo juu ya ndoo. Hamoudi, shemeji yangu, karani mstaafu wa reli, alikuwa barazani kwake ng'ambo ya pili, akapaza sauti mtaa mzima wa Gongoni usikie, eti, "Shemeji, hiyo ndoo nayo inasafiri?"

Nimemjibu kwa heshima. Moyoni sikumjibu kwa heshima.

Mbinu ya tatu: mkoba wa kinga. Maji yaliyochemshwa, chupa nne. Sabuni mbili. Ndimu kumi na mbili. Dawa ya kutibu maji. Mayai ya kuchemsha, kwa sababu yai lina ganda na mdudu haingii. Thuraya ameukagua mkoba wote kimyakimya. Nikadhani ameshawishika. Amechukua ndimu akaenda kutia kwenye mchuzi.

Jumatano, 5 Februari

Usaliti!

Nilipanga kutoroka mapema, leo asubuhi, kwa bajaji hadi stesheni, nikabadili tiketi, nikaondoka na treni ya mizigo ikibidi. Bajaji niliiagiza kupitia Hamoudi kwa sharti la siri. Nilimwapisha. Saa kumi na mbili bajaji imefika, na ndani yake ameketi Thuraya, na barakoa, na mikono kifuani.

Hamoudi anajitetea kwamba alimwambia mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa Thuraya.

Thuraya ameniuliza, pale pale mbele ya dereva, kuna nini Kigwa hata nikifuate kwa kufa. Nikasema kuna mtu ninayemdai radhi, au ananidai, mambo ya zamani. Sauti yangu ilitetemeka. Sehemu ndogo nilitetemesha mwenyewe, sehemu kubwa ilitetemeka yenyewe.

Amemlipa dereva kwa usumbufu, akanishika mkono hadi ndani, akaniwekea mto. Kisha nimemsikia anazungumza na simu kwa muda mrefu, sauti ya wodini.

Nimelala mchana kwa huzuni. Chakula nimekula chote, huzuni haikufika huko.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeshinda! Nimekwisha!

Thuraya alimpigia bwana afya wa Kigwa. Wagonjwa walikuwa watano, wote wamepona na kurudi nyumbani. Kisima kimetiwa dawa. Hakuna mgonjwa mpya kwa siku nane, redio ilichelewa. Bwana afya anasema mtu akinywa maji yaliyochemshwa na kunawa vizuri, aje tu. Kwa hiyo Thuraya amesema ruksa, Baba, na tena nitakusindikiza mwenyewe, sitaki ufe na kinyongo. Ameshakata tiketi yake. Na ameshampigia Ngollo, na Ngollo amesema wanawe na wajukuu wote watakusanyika, maana Mwalimu anakuja.

Wote. Watakusanyika.

Nimeona picha nzima: mimi nimesimama uwanjani kwa Ngollo, watu arobaini wananitazama, binti yangu mbele yao, nasema mimi ni mwizi wa asali, na mama yako, Thuraya, nilimposa kwa baiskeli ya wizi.

Kuanzia saa nne asubuhi nimekuwa mtetezi mkubwa wa afya ya jamii. Nimemwambia Thuraya kwamba bwana afya ni kijana, hajui. Kwamba siku nane si kitu. Kwamba serikali isingepoteza muda wa redio bure. Nimekataa uji nikauliza maji yake yamechemka dakika ngapi. Nimenawa mikono mara kumi na moja. Nimewaambia wapita njia wasisafiri. Mama mmoja alikuwa anakwenda sokoni tu, akarudi.

Thuraya amenitazama kwa jicho la nesi. Amesema, "Baba, jana ulitaka kupanda treni ya mizigo."

Nikasema elimu haina mwisho.

Hakukubali. Basi jioni nimetumia njia ya mwisho. Nimemwandikia Ngollo ujumbe kwa simu, mfupi, kwa kuwa vidole vyangu havioni: "Siji. Hali mbaya. Nisamehe." Nikazima simu.

Nimetubu, kwa namna fulani. Neno "nisamehe" limo. Sheikh angekuwa mtu wa kuelewa angelikubali.

Ijumaa, 7 Februari

Moyo wangu umepimwa leo na umefaulu.

Nimetoka msikitini, nimekaa barazani na kababu ya tatu mkononi. Pikipiki imesimama. Nyuma ya dereva kuna mzee mrefu, mkavu, ana koti la mvua na kuku mweupe kwapani. Ngollo! Miaka themanini na minne, kilomita zote zile juu ya tope!

Nilikimbia. Mimi! Nimeingia chumbani na viatu, nikajifunika shuka hadi puani. Kababu ilikuja nayo.

Nikamsikia Thuraya anamsimamisha mlangoni. Hatuingii hatujanawa, Baba. Ngollo anasema amekwisha kunawa Kigwa. Thuraya anasema hiyo ilikuwa Kigwa. Sabuni, sekunde ishirini, mpaka viwikoni, kuku abaki nje. Kisha amemwuliza kulikoni kuja mbio hivyo. Ngollo akamwonyesha ujumbe wangu.

Waliingia pamoja. Ngollo alipiga magoti kando ya kitanda, akanishika mkono, machozi yanamtoka. Akasema, "Mwalimu, usife kwanza. Nina dhambi yako."

Nikafumba macho. Mtu mahututi hana haraka.

Akasema yote. Mwaka ule, alipochuja asali, alionja madebe yote mawili. Langu, la mwalimu aliyetundika mzinga mmoja, tena kwa makosa, lilikuwa tamu kuliko lake. Lilimuuma. Yeye mrina, mtoto wa mrina! Lake safari ile alilichoma kwa moshi mwingi. Basi kabla ya kunikabidhi alizihamisha karatasi. La kwangu akaliandika Ngollo, la kwake akaliandika Muhanna. Tena Mungu akamwaibisha, anasema, maana zawadi ikaenda kwa Muhanna vilevile. Hajawahi kuelewa ilikuwaje. Alinichinjia kuku kwa aibu. Miaka hamsini na sita anamwogopa kuku yule.

Nilikaa kitandani wima. Shuka ikaanguka. Kababu ikaonekana.

Niliwaza polepole, kama mtoto wa darasa la pili. Yeye kazihamisha. Mimi nikazirudisha. Debe tamu nililoliiba lilikuwa langu. Nimejiibia mwenyewe!

Nikamwambia. Mbele ya binti yangu, nikasema kila kitu, treni, karatasi, baiskeli, mama yako.

Ngollo alitazama kababu, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka akaegemea ukuta. Akasema hajaona Mwarabu anayekata roho na mafuta kidevuni. Nikamwambia hajaonekana Mnyamwezi anayesafirisha kuku wa msiba akiwa hai. Tulicheka mpaka Thuraya akaja na kipimo cha presha, akatupima wote wawili.

Nikamwuliza Thuraya, kwa woga, kuhusu baiskeli na mama yake. Amesema mama aliichukia. Alikuwa akisema kiti cha nyuma kilimtia alama, na alikubali posa yangu licha ya baiskeli, kwa sababu nilikuwa naanguka nayo bila kulaumu mtu.

Nimelia kidogo. Kwa kweli, safari hii.

Tumeombana radhi, mimi na Ngollo, mikono kwa mikono. Nimemsamehe, amenisamehe. Mzigo umeshuka. Nimekuwa mwepesi kama mkeka mpya. Sasa naweza kufa, ingawa hakuna haraka.

Jumamosi, 8 Februari

Asali yangu ndiyo iliyokuwa bora.

Nimeamka na wazo hilo saa kumi alfajiri. Mzinga mmoja! Mara ya kwanza! Nimemwambia Ngollo wazo hili wakati wa chai, kwa unyenyekevu. Halafu wakati wa chakula cha mchana. Halafu nimemwita Hamoudi aje alisikie. Hamoudi akauliza, basi kwa nini sikuendelea na ufugaji nyuki miaka yote hii. Nikasema kwa sababu ya dhambi. Dunia imekosa asali nzuri.

Ngollo amenuna. Anasema ilikuwa bahati, mzinga wangu ulikuwa karibu na miti ya maua ambayo yeye mwenyewe alinionyesha. Nikasema mwanafunzi mzuri humzidi mwalimu. Akasema leo asubuhi alinisamehe mapema mno. Nikamkumbusha kwamba ilikuwa jana.

Ananizidi miaka miwili na amedai shikamoo. Sikumpa. Jioni nikampa, baada ya Thuraya kuketi katikati yetu na kusema kwamba wagonjwa wa kipindupindu walikuwa wanampa shida kidogo kuliko sisi. Ngollo akaitikia marahaba kwa sauti ndefu ya kufurahia.

Treni ya leo tumeiacha ipite. Tiketi zimepotea bure, hakuna aliyesikitika.

Jumapili, 9 Februari

Siku njema kuliko zote. Mvua imekatika, jua safi, kuku mweupe ameliwa na hakumdhuru mtu. Kesho Ngollo anarudi Kigwa. Tumekaa barazani na bao tangu asubuhi, Hamoudi mtazamaji. Tumezungumza habari za kufa bila hofu, kama watu wanaozungumzia safari ya jirani. Nimemwambia sasa mimi ni mtu mpya. Sina deni la mtu, sina hila, nimesafika. Ngollo akasema hata yeye. Tukashikana mikono tena. Hamoudi alifuta macho.

Tatizo ni kwamba Ngollo anajua bao. Saa tisa alikuwa amebakiza mzunguko mmoja animalize, mbele ya Hamoudi, ambaye angelitangaza hadi stesheni. Ndipo Thuraya akaleta maandazi, akaamuru tunawe mikono, wageni kwanza. Ngollo akainuka kwenda kunawa, Hamoudi akamfuata kumshikia birika.

Sabuni. Sekunde ishirini. Mpaka viwikoni.

Ni muda mrefu sana, sekunde ishirini. Kete tatu zilitoka shimo lake zikaja shimo langu kwa nafasi, na moja nikairudisha kwa ajili ya dhamiri, kisha nikaichukua tena.

Nimeshinda. Ngollo amelikagua bao kwa muda, akatikisa kichwa, akanipongeza. Ameahidi nikienda kwake atanichinjia kuku.

Nitamwomba radhi. Lazima. Ana kwa ana, kama alivyosema sheikh. Lakini si kesho, wala si mwezi huu. Mtu wa umri wangu hawezi kusafiri ovyo kwenda Kigwa wakati wa kipindupindu.