Klachi ya Feni ya Tingatinga

Pale kijiweni, redio ya muuza kahawa ilikuwa ndiyo kwanza imetangaza kwamba trafiki wataanza kukamata magari yenye makelele, mara pikapu ya dereva Tingatinga ikachomoza kwenye kona, inavuma kama ndege iliyokosa pa kutua.

"Utaishi miaka mingi, ndugu yangu!" Spika, kinyozi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alimpokea. "Umetajwa redioni sasa hivi!"

Tingatinga alizima injini, akaketi. Walipomweleza habari, aligeuka kuitazama pikapu yake. Pikapu ile ya kubebea mizigo ndiyo jembe lake. Ikilala kituoni, nyumbani kutapikwa mawe.

"Ile si kelele, ni nguvu," alijitetea.

"Nguvu?" Sindano, fundi cherehani, akaguna. "Ukipita wewe, cherehani yangu inashona peke yake!"

"Ekzosi hiyo, bomba la moshi limetoboka," Spika akahukumu.

"Uzee tu," Tingatinga alikataa. "Mita ya kilomita yenyewe imechoka kuhesabu, ikasimama."

Spana, makanika, akaweka kikombe chini. "Ukikanyaga mafuta, mvumo unapanda?"

"Unapanda."

"Na asubuhi, injini ikiwa baridi?"

"Asubuhi, mchana, jioni. Hauna adabu."

"Fungua boneti. Ufunguo nipe mimi, vidole vyangu bado navihitaji."

Injini ilipopoa, akasukuma panga za feni kwa mkono. Ziligoma kama punda.

"Klachi ya feni, kile kiungo cha kuishika na kuiachia, imeganda. Feni hukimbia injini ikichemka, ikipoa inapumzika. Hii yako inakimbia kutwa kama imeona chui."

"Kumbe ekzosi ilisingiziwa," Sindano alimchokoza Spika. "Rudi kwenye vichwa vya watu, baba."

Spana alileta klachi nzima kutoka kwenye gari bovu la gereji yake, akaifunga. Injini ikawashwa. Ikaunguruma taratibu, kama paka aliyeshiba. Tingatinga nusura amkumbatie, mafuta machafu na yote.

Hapo hapo mkewe akatokea sokoni na kikapu chake, akapanda.

"Leo gari lina heshima," alisema. "Afadhali. Mama hatapanda ameziba masikio."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Si ulikubali ahamie kwetu?"

"Nilikubali lini?"

"Juzi, tukipanda mlima. Nilikuuliza mara mbili, ukaitikia kwa kichwa mara mbili."

Tingatinga akaingia nyuma ya usukani, sasa ameelewa. Miaka yote, kila alichoambiwa humo garini bila kukisikia kwa ule mvumo, yeye alikuwa akiitikia kwa kichwa, yaishe.

"Shemeji," Spika aliuliza kwa upole usio wake, "yapo mengine aliyokubali?"

"Tele. Njiani nitamkumbusha."

Pikapu ikaondoka polepole, kimya kabisa, hata kijiwe kizima kikamsikia Tingatinga mpaka kwenye kona: "Ndiyo, mama watoto... Ndiyo... Hee! Na hilo nalo?"