Ombi la Kuepushwa na Wenzangu Wanaopenda Kazi

Kwa Bi. Peres Obuya,
Meneja wa Wafanyakazi,
Orofa ya Saba, Westlands.

Madam,

KUH: KUHAMISHIWA TAWI LA JAMHURI

Natumai barua hii inakukuta umeketi. Mimi ni Fidel Ogutu, karani wa majaribio katika masjala ya madai ya bima. Ijumaa utaamua kama nitaajiriwa au nitafungasha virago. Kwa hofu na heshima, nawashtaki wenzangu watatu kwa kosa la kupenda kazi.

1. Alianza Mbithe. Siku moja alimaliza faili zake, akamgeukia Odero na kusema, "Leta zako." Hakudai hata chai. Odero, ambaye kwa miaka sita amekuwa akienda msalani na gazeti zima, aliona haya. Siku hizi anaenda bila gazeti na anarudi upesi.

2. Stellah alipowaona wawili hao wakicheka, alidhani anasengenywa. Akasogeza kiti ili asikilize. Kumbe walikuwa wanazungumzia faili! Kiti hajakirudisha mpaka leo.

3. Sasa nikigusa faili naambiwa, "Tulia, buda, hiyo tushamaliza." Jumanne ya wiki jana nilificha moja ndani ya koti ili nipate la kufanya. Mbithe aliigundua, akasema, "Woiye, Fidel! Si ungesema unataka mbili?" Nikajisingizia homa siku mbili. Walinitumia pole, kisha wakafanya kazi yangu vizuri kuliko ninavyoifanya mimi.

4. Nilijaribu kuwatibu kwa kueneza uvumi kwamba ofisi yetu itafungwa. Walikasirika kwa pamoja, na kwa hasira hiyo wakamaliza madai yote ya mwaka juzi.

Madam, Ijumaa utaniuliza nimefanya nini miezi hii mitatu, na jibu la kweli ni kwamba nimetazama. Nipeleke Jamhuri, ambako nasikia hadi saa tano watu bado wanatafuta kalamu. Huko nitaonekana.

Wasalimie wote wa orofa ya saba, hata yule anayebamiza mlango wa lifti.

Wako mtiifu, mwenye wasiwasi,
Fidel Ogutu

Nyongeza: Wenzangu wameikuta barua hii kwenye printa. Nilijua nimekwisha. Odero akasema hoja ya pili ni dhaifu, akaiandika upya. Stellah amesahihisha nukta. Mbithe amenuna kwa kuwa sikuwaita tangu mwanzo. Tumeiinamia wanne tangu chakula cha mchana, na sijawahi kufurahia kazi hivi. Tafadhali usinihamishe. Na kama kuna mtu huko juu anayetaka kutulalamikia, alete barua yake masjala, tutamwandikia.