Nyumba ya Magurudumu Kivukoni Garsen

Jumatatu, 6 Mei 1957

Fatma ameondoka asubuhi kwa mtumbwi kwenda Kipini. Dada yake anakaribia kujifungua. Ameniachia mabati mapya, yameegemezwa ukutani uani. Aliyanunua kwa kuuza mbuzi wake wote. Ameniachia na onyo pia. Akirudi akute makuti yameshuka na mabati yamepanda. Fundi wa paa ameshaambiwa. Asipokuta, haki ya mamake, hatalala tena chini ya makuti yangu. Nikasema inshallah. Akasema inshallah yangu anaijua, yeye anataka paa.

Amenionea. Mimi nikisema jambo, nimesema.

Alasiri nikaenda kivukoni na birika langu la kahawa, kama kawaida. Nikamkuta Baya, aliyekuwa dereva wa yule Mzungu mwindaji wa mamba. Mzungu amerudi kwao. Mshahara wa mwisho hakuulipa kwa fedha, amemwachia Baya gari lake la kulala: lori kuukuu, mgongoni limebeba nyumba ya mbao. Vitanda viwili. Kabati. Beseni la kunawia. Madirisha ya wavu! Baya anataka kwenda kwao Marafa, na lori hataki hata kuliota. Analiuza.

Mvua zikikaza, magari hukwama hapa siku mbili tatu yakingoja feri. Abiria hulala kwa Mahmoud, kwenye vitanda vya kamba vyenye kunguni wakubwa kama kunde. Mtu akiwa na gari la kulala...

Hapana. Mabati kwanza. Nalala.

Sijalala.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kulitazama tu. Kutazama si kununua.

Mimi si mtu wa kudanganywa. Babu yangu alikuwa fundi wa vyombo vya baharini Kipini, nami nimekua nikisikiliza nyundo yake. Nilivua viatu, nikaingia. Nikagonga ubao mmoja mmoja na kutega sikio, maana ubao mzima hulia na uliooza hunyamaza. Nyingi zililia. Nikapima mianya kwa ukucha. Nikanusa pembe zote. Nikamuuliza Baya kama sakafu inavuja. Akasema hajui, hajawahi kulitia majini. Nikaona huyu ni mtu mkweli. Nikauliza mbao ni za nini. Mvule. Nikauliza juu ya mchwa. Hakuna, mchwa wanachukia harufu ya mamba. Kila nililouliza alinijibu bila kusita.

Injini sikuiulizia. Kulikuwa na kuku anaatamia humo, nikaona vibaya kumsumbua.

Natoka nje, nani kasimama? Mahmoud! Mikono nyuma, analizunguka gari, anapiga gurudumu teke. Akanisalimu kwa upole, akaniulizia na hali ya Fatma. Mahmoud akiwa mpole huwa kuna jambo.

Jumatano, 8 Mei

Siku ya makadirio. Nimemwita Kavumbi, yule Mpokomo anayevuta kamba ya feri. Zamani alifanya kazi gereji Malindi. Akajipenyeza chini ya gari. Akatoka na uso wa mtu anayerudi mazikoni.

Injini imekufa. Magurudumu mawili yamekufa. Breki hakuziona kabisa. Na ile nyumba imeshikwa kwenye chasisi kwa boliti nne. Tatu zimeliwa na kutu, ya nne iko njiani. Alisema nyumba imekaa pale kwa mazoea tu.

Nikatoa penseli. Injini, shilingi mia tatu. Halafu nikapata akili: nyumba inayokaa haihitaji injini! Litasimama kivukoni na wasafiri watalijia lenyewe. Nikafuta. Magurudumu nikafuta kwa sababu hiyo hiyo. Breki: kisichokwenda kinasimamishwa cha nini? Nikafuta. Zikabaki boliti, shilingi kumi na mbili, kwa heshima ya Kavumbi. Na kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, na sifa, yaani mafuta ya papa ya kupaka mbao, shilingi ishirini. Jumla thelathini na mbili! Sijapata kuona gari linapona upesi namna hii.

Hiribae, Muorma anayeniletea maziwa, alilitazama kwa muda mrefu, fimbo begani. Kisha akasema: "Ng'ombe nalala, hapana weza simama, wewe nunua ngozi. Usinunue maziwa." Nikamweleza kwamba gari si ng'ombe. Akakubali. Akasema ng'ombe angalau watu hula.

Maneno yake yamenikaa kifuani kama wali mkavu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimenunua. Ya Rabi, nimenunua!

Haikuwa nia yangu. Nilipita tu. Nikamsikia Mahmoud anamuuliza Baya bei. Baya akataja themanini. Mdomo wangu ukataja mia. Mahmoud akataja mia na kumi, bila haraka, macho yake hayako hata kwenye gari. Mimi fedha sina. Nikasikia sauti ikisema, "Mabati! Mapya! Yote!" Ilikuwa sauti yangu.

Mahmoud papo hapo akainamisha kichwa kama mtu aliyeshindwa, akaenda zake. Ah, raha ya kumshinda Mahmoud! Iliendelea mpaka Baya alipokuja na rukwama kuyabeba.

Nimemwambia fundi wa paa asije kwanza, aje wiki ijayo. Akaniuliza wiki ijayo atapigilia nini. Garsen hii mtu akipiga chafya, Idsowe wanamwombea afya.

Nimepanga. Vitanda viwili, kila siku wageni wawili, na kahawa juu. Kabla Fatma hajarudi nitakuwa nimeyarudisha mabati na ziada. Hesabu inakubali. Na mvua imeanza, na makuti yanavuja sawasawa juu ya mto wa kulalia wa Fatma.

Jumamosi, 11 Mei

Kazi tangu alfajiri. Pamba dukani ni ghali mno. Nikalitazama godoro. Godoro nalo likanitazama. Ndani ni sufi tupu, laini, na Fatma hayupo kulilalia. Nimelipasua. Nimepiga kalafati ukuta wote na sakafu yote, kwa patasi na nyundo, kama babu. Mikono imevimba. Kisha sifa, mipako mitatu. Harufu ni kali kidogo, lakini mtu huzoea.

Mpako wa tatu umekula fungu la boliti. Kavumbi akaja kuziulizia. Nikamwambia chombo kwanza maji yasiingie, chuma baadaye. Akauliza maji gani, na gari liko nchi kavu. Elimu ya vyombo hana, nimemsamehe.

Nimetundika mapazia ya buluu ya Fatma, yale aliyoletewa kutoka Lamu. Kwa muda tu. Limependeza mpaka nikaogopa.

Jumanne, 14 Mei

Mgeni wa kwanza! Karani mmoja kutoka Malindi, amekwama na mabegi. Nikambebea. Nikampa kahawa bure. Akaingia. Akatoka. Akaniuliza, kwa adabu sana, nani amefia humo. Nikamwambia ni sifa, dawa ya mbao. Akashukuru, akachukua mabegi yake mbio kuelekea kwa Mahmoud.

Nikamfuata kwenda kumpunguzia bei. Nikafika uani kwa Mahmoud, nikainua macho.

Paa jipya. Linang'aa. Bati la tatu kutoka ukingoni lina pembe iliyopinda. Pembe ile niliipinda mimi siku nilipolidondosha nikiteremsha, na Fatma hakunisemesha siku mbili.

Mahmoud hakuficha. Gari hakulitaka hata kwa kupewa. Alikuwa anayatafuta mabati tangu Idi, Fatma alikataa kumwuzia, basi akaona ayapitishe kwangu. Baya alimwuzia Alhamisi ile ile na kwenda zake Marafa. Kisha akanikaribisha chai. Nilitaka kumrushia kikombe. Nikainywa, kwa kuwa mvua ilikuwa inamwagika na kwake hakuvuji.

Nimerudi nyumbani nikakuta salamu kutoka Kipini. Shemeji amejifungua mtoto wa kike. Fatma atakaa mpaka siku ya saba, wachinje akika, kisha anarudi. Sijui niseme alhamdulillahi au inna lillahi.

Alhamisi, 16 Mei

Mto umebadilika rangi. Povu linapita, na magogo, na leo asubuhi kibanda cha kuku kizima. Watu wanahamisha vitu. Hiribae amekwisha kupandisha ng'ombe wake nchi ya juu. Nilimwomba kabla hajaondoka anifungie madume manne wavute gari. Akacheka mpaka akakaa chini. Hakurudi kusimama mpaka nilipoacha kuomba.

Kavumbi amenisihi nitie boliti leo, hata za mkopo, ama niifunge nyumba na chasisi yake kwa kamba. Nikamwambia mtoto wa Kipini hafundishwi kufunga chombo. Chombo hufungwa kwa mbele. Nimechukua kamba nzima, nimefunga bampa ya mbele kwenye mkwaju, fundo la babu yangu. Tufani lije, fundo lile halifunguki.

Naogopa. Naandika wazi, hakuna anisomaye. Simwogopi Mahmoud wala mto. Naogopa mtumbwi unaotoka Kipini.

Jumapili, 19 Mei

Fundo halikufunguka.

Maji yalipanda asubuhi, taratibu, kama mgeni anayejua njia. Yakafunika magurudumu. Yakafika kwenye sakafu. Watu wote wa kivukoni walikuwa juu ya tuta wakitazama. Nikawaambia watazame vizuri, waone kazi ya mikono. Kukatokea mlio mmoja mdogo, tk! Boliti ya nne.

Nyumba ikainuka. Iliinuka sawa, haikulala upande, mapazia yanapepea. Ikageuka mara moja kana kwamba inaaga, ikashika mkondo. Chasisi ikabaki kwenye mkwaju, imefungwa barabara.

Haikuingia hata tone! Nilipiga kelele: tazameni, haivuji, haivuji! Babu angekuwa hai angelia kwa furaha. Ikapinda kona ya mto, ikapotea. Ndipo nikakumbuka ni yangu.

Mahmoud alikuwa ameshikilia nguzo ya kivuko kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Si ya huruma.

Jumatano, 22 Mei

Habari zimekuja mapema kutoka Idsowe. Imekwama katikati ya migomba ya mama mmoja, Sabdio. Nyumba yake ilichukuliwa na maji. Alipoona nyingine inakuja yenyewe, akamshukuru Mungu, akaingia na kuku wake.

Na mtumbwi kutoka Kipini ulipita hapo jana. Fatma akaona mapazia yake ya buluu kwenye dirisha la nyumba asiyoijua, katikati ya mafuriko. Akamwambia mwenye mtumbwi asimamishe.

Nikamwomba Kavumbi anipeleke. Maneno niliyapanga njia nzima. Tukafika chini ya dirisha, pazia likasogea, maneno yote yakazama.

Akaniuliza mabati yako wapi. Nikaanza habari ya wasafiri na vitanda. Akasema, "Lali, yako juu ya Mahmoud. Mwenye mtumbwi kanambia. Nataka uniambie wewe." Nikamwambia. Akauliza sufi iliyo kwenye mianya imetoka wapi. Nikamwambia na hilo. Kuku wa Sabdio walisema zaidi yake.

Kisha akasema ameapa kutolala chini ya makuti yangu, na hapa hakuna makuti. Hapavuji. Nyumba imenunuliwa kwa mbuzi wake, basi ni yake, na Sabdio amemkaribisha shambani. Vitanda ni viwili na watu ni wawili. Harufu watazoea. Mimi nirudi nikalale na kilichobaki.

Nikamwambia Kavumbi atie kafi, asinitazame. Nililia mpaka Garsen. Miaka kumi na moja ninampenda mwanamke yule, na leo nimetaka kumwambia nikiwa ndani ya mtumbwi wa kuazima, mbele ya kuku.

Ijumaa, 31 Mei

Maji yanashuka. Allah ni mwingi wa rehema! Famau, kaka yake Fatma, ameleta mabati kwa mashua kutoka Kipini. Mapya, zawadi, kwa ajili ya dada yake. Hakunilaumu hata kwa neno. Alinishika bega akasema paa likipanda, Fatma anarudi. Amekwisha kumwuliza, naye amekubali. Yameegemezwa ukutani uani. Nimeyahesabu, nimeyapapasa, nikaswali rakaa mbili. Fundi anakuja kesho asubuhi na misumari yake. Nimefagia. Nimenunua godoro kwa mkopo.

Alasiri nikaenda kivukoni kidogo tu, kumpa Kavumbi habari njema. Hakuwepo. Nikamkuta karani wa mkandarasi wa barabara. Wana pantoni kuukuu, jukwaa la chuma la kuelea majini, wanaliuza kabla hawajahama. Feri imeharibiwa na mafuriko, watu wamejaa pande zote mbili za mto, hakuna wa kuwavusha! Kwa wiki mbili mtu anaweza kupata mabati mara tatu, na kwenda Idsowe kumchukua mkewe kwa heshima, si kwa mtumbwi wa kuazima.

Sikukubali papo hapo. Nimejifunza. Safari hii mbao sikuzigusa kabisa, nimekagua chuma tu. Sehemu iliyo juu ya maji ina boliti zote, nimezitikisa moja moja. Sehemu iliyozama karani ameniapia ni kama hiyo.

Marekebisho ni madogo sana. Nimemtuma mtu amwambie fundi apumzike kesho. Karani anakubali mabati.