Ennie Alivyoshinda Neno la Mayi

Mukuje, bantu ba Nchelenge, na nyinyi ba Kabuta benye kubeba samaki na kinga, baiskeli zenu zile, mutue mizigo, mukae chini, juu nikinyamaza kidogo tu hii habari itanipasua kifua: nilikuwa pale dirishani siku Ennie, binti ya Mwansa muvuvi, simba dike wa ziwa Mweru, alipigana na neno moja la Kizungu mbele ya bakubwa wawili.

Neno lenyewe ni mayi kwa Kingereza. Mayi tu, hii ya kunywa. Lakini sukulu ya mabinti ilitaka mwalimu mumoja, na Ennie akikosa ile kazi, mujomba wake alikuwa tayari kumuoza kwa muzee wa Mwansabombwe mwenye bibi wengine. Bakuchagua balikuwa Bwana Pelham, Mwingereza wa serikali, na Misisi Tuttle, Mwamerika wa misioni, na ilipasa bakubaliane.

Patson, jemadari wa kola iliyopigwa pasi, naye alitaka kazi ile, na ndiye alianguka wa kwanza. Alisoma neno pale ubaoni, "wota", kama Baingereza, Misisi akashika shavu kama mutu wa jino bovu. Akageuka mbio, "wara", kama Bamerika, na Bwana akalaza penseli yake polepole, kama mutu analaza maiti, chini ya picha ya malkia mupya. Patson akatoka, hakuangalia mutu.

Ndipo Ennie akaingia. Akaona bageni bamekaa na joto tangu asubuhi, midomo imekauka, na hakuna aliyebapa kitu. Kwetu mugeni haulizi mutu kitu kabla hajanywa. Basi aliacha ubao, akachota mu mutungi, akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima, akanyosha kikombe cha kwanza.

"Wara, Misisi."

Kisha akageuka na magoti yale yale.

"Wota, Sa."

Febby, rafiki yetu aliyechungulia nami dirishani, alinishika mukono mpaka ukauma. Bakanywa, bakamaliza.

Bwana akamuvuta Kalaba, mwalimu mukubwa, pembeni.

"Huyu anajua Kingereza ya kweli," akasema. "Na ana adabu, amemuvumilia yule mama na makosa yake."

Kalaba hajafika mulangoni, Misisi naye akamushika, akamuambia binti anasema sawasawa kabisa, tena ana huruma, amemusaidia yule Bwana masikini asione haya. Kalaba, mulinzi wa amani, aliitika pande zote mbili.

Kazi ikawa ya Ennie, mujomba akapanda kinga kwenda kumuomba muzee samahani, na vigelegele vikafika Kafutuma. Febby akamuuliza shujaa wetu lipi ndilo neno la kweli.

"Angalia kwanza nani ana kiu, munandi, rafiki yangu," Ennie akasema.

Bazungu bahesabu miaka na vita vyao vya Ulaya. Sisi ba Mweru tutahesabu tangu siku Ennie aligawa mayi.