Kuhusu Fomu Inayonitaka Nifanikishe

Bwana Neville Holroyd,
Mkurugenzi wa Barabara, Halmashauri ya Thornley Beck, Yorkshire.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na chai yako bado ya moto. Mimi ni Doreen Hebden, mvushaji wa watoto mbele ya shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja, yule wa koti la manjano na kibao cha "SIMAMA". Ofisi yako imeniletea fomu ya tathmini. Nisipoijaza ikaridhisha kufikia Ijumaa, kituo changu kinafutwa. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Kila sentensi lazima ianze na "Nimefanikisha". Mimi niliandika, "Nimevusha watoto." Gemma, ofisa wako, binti mpole kabisa, akaikata kwa wino mwekundu.

"Doreen mpenzi, kuvusha ni kazi tu," akaniambia. "Andika umefanikisha uvukaji."

Nikamuuliza tofauti ni ipi. Akasema hiyo ya pili wakubwa huisoma.

2. Maelezo ya fomu yanasema kufanikisha ni kuleta, kwa jitihada, jambo ambalo halikuwepo. Sasa mimi jitihada zangu zote ni jambo lisiwepo. Tangu nianze hajagongwa mtoto hata mmoja, na Gemma anasema sifuri haionekani kwenye chati. Je, agongwe mmoja mwaka huu, ili mwakani nifanikishe kupunguza?

3. Neno lenyewe linaambukiza. Jana mume wangu Clifford amefanikisha kutoa pipa la taka, akakaa kungoja pongezi. Sikumpa.

4. Wewe mwenyewe, Bwana, ulipokuwa mtoto nilikuvusha, kamasi zinakutoka, umening'ang'ania mkono. Kama huo si ufanisi, basi hata hicho cheo chako tukichunguze upya. Malori ya machimbo ya mawe yanayopita hapo shuleni hayana huruma, na naapa bila mimi hakuna mtoto atakayefika ng'ambo salama.

Nisalimie wote ofisini, Gemma pia, na mama yako akishikwa na maumivu ya goti asiache kulichua.

Wako anayesimama barabarani,
Doreen Hebden

Nyongeza: Nimeinua kichwa kutoka kwenye barua hii, kumbe ni saa tatu na robo asubuhi. Nimekimbia na ndara zangu za nyumbani. Watoto wote wako darasani. Mwalimu langoni ameniambia watoto wakubwa waliwashika wadogo mikono, wakatazama kulia, kushoto, kulia tena, wakavuka. Imeniuma, Neville. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nilikuwa wapi.